Mkeka mpya wa sensa ya kiti cha abiria: umezima taa ya eabegi bila kuidanganya kompyuta

Miezi saba imepita tangu mkeka mpya wa sensa, ule unaohisi nani amekaa, uwekwe ndani ya kiti cha abiria wa mbele, na taa nyekundu ya eabegi, yaani mfuko wa hewa unaojaa wakati wa ajali, haijarudi hata siku moja. Nimechelewa kuandika makusudi. Taa hii ina tabia ya kuzima wiki mbili, ukaamini mambo yamekwisha, halafu ikawaka tena asubuhi ya mvua ukiwa umeshapakia watu. Sasa nina uhakika wa kutosha kusema kwamba mkeka ni mzuri, unafaa kununuliwa, na una kasoro ambazo muuzaji hakuzitaja.

Kabla ya mkeka nilinunua vitu vingine vitatu: skana ndogo, yaani kifaa cha kusoma hitilafu za gari, skana kubwa zaidi, na kiplagi cha kudanganyia sensa, kile ambacho mafundi hukiita emyuleta. Navieleza vyote, kwa sababu ukitafuta mkeka huu huenda kitu cha kwanza utakachoonyeshwa kikawa hicho kiplagi, na ningependa ujue kinafanya nini kabla hujakiweka chini ya mtu wako.

Mtu wangu ni Mama. Nampeleka kliniki kila baada ya wiki mbili, na hukaa mbele kwa sababu magoti hayamruhusu kujipenyeza nyuma. Ana kilo 46. Tangu nyonga imsumbue alianza kukalia mto mnene wa sponji. Mto huo una sehemu kubwa katika habari hii, nami sikuufikiria kabisa mwanzoni.

Kwenye dashibodi kulikuwa na mambo mawili, na kwa muda mrefu niliyachukulia kuwa moja. La kwanza ni taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, ile nyekundu yenye mchoro wa mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua chake. Ukiwasha swichi huwaka sekunde chache gari likijipima, kisha huzima. Ikibaki inawaka, au ikimulikamulika, maana yake kompyuta ya eabegi imeona hitilafu na kuiandika. Katika magari mengi kompyuta hiyo ikishaona hitilafu inaweza kuzuia baadhi ya eabegi, au zote, zisifyatuke, pamoja na vile vikaza mkanda vinavyouvuta mkanda kifuani wakati wa ajali. Ukiwa umeketi kwenye usukani huna namna ya kujua ni ipi iliyobaki hai na ipi imelala.

La pili ni taa ndogo ya rangi ya chungwa karibu na redio, yenye maandishi PASSENGER AIR BAG OFF. Hii peke yake si ugonjwa. Inasema kwamba kwa jinsi kiti kinavyohisi sasa hivi, eabegi ya abiria imezimwa, pengine kwa kuwa aliyekaa ni mtoto au kilichowekwa ni mkoba tu.

Gari langu liliwasha zote mbili. Ile ya chungwa ilitangulia, Mama akikaa tu. Mimi nikikaa mahali hapohapo inazima. Miezi kadhaa baadaye nyekundu ikafuata, na hiyo ikawa haijali nani amekaa.

Fundi wa kwanza alifuta hitilafu kwa skana yake, akaingiza mkono chini ya kiti, akaniambia, "Dada, ni plagi tu ilikuwa imelegea, nimeikaza." Taa ilizima siku 11. Simlaumu kwa kuanzia hapo. Waya za chini ya kiti huvutwa kila kiti kinaposogezwa, hupigwa na chupa zinazoviringika, hulowa zulia likiloa, na plagi zake hushika kutu. Wewe pia anza kwa kuchungulia hapo. Lakini chungulia kwa macho tu. Watengenezaji wengi huzipa plagi na waya za eabegi rangi ya njano ili ujue uko wapi, na mita ya umeme isichomekwe kabisa kwenye plagi inayokwenda kwenye eabegi yenyewe au kwenye kikaza mkanda. Mita inapopima upinzani hupeleka mkondo wake, na kiwashio cha eabegi kinahitaji mkondo mdogo sana.

Ninachomlaumu fundi yule ni kufuta kabla ya kuandika namba ya hitilafu. Namba ile ndiyo ingetuambia kama ni waya, ni kifungio cha mkanda au ni kiti. Aliifuta, tukabaki na siku 11 za utulivu na hatujui chochote.

Ndipo nikanunua skana ndogo. Nichomeke, nisome, nijue. Ikaniandikia kwamba gari halina hitilafu yoyote, huku taa nyekundu ikinitazama juu yake. Skana haikuwa mbovu. Kiwango cha OBD2, cha plagi ya kusomea hitilafu, kilicholazimishwa Marekani kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, kilikusudiwa kudhibiti moshi unaochafua hewa, na skana nyingi rahisi husoma upande wa injini pekee, namba zinazoanza na herufi P. Eabegi ina moduli yake, yaani kompyuta yake, na namba zake kwa kawaida huanza na B. Boksi la skana lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inasoma magari yote. Ni kweli inaingia kwenye magari yote, ila ninachokihitaji haikifikii. Kwa kazi hii naipa nyota moja. Ukinunua, uliza swali moja tu kabla ya kulipa: inasoma SRS ya gari langu, la aina hii na la mwaka huu, au haisomi?

Skana ya pili nilimuuliza muuzaji swali hilo mara tatu. Ni kubwa kama kitabu cha mazoezi, inachukua muda kuwaka, na menyu zake zimepangwa vibaya, unaingia milango minne kabla ya kufika kwenye SRS. Ila ikifika, inasema. Ilisoma namba ya B na kuieleza kwa ufupi: saketi ya sensa ya abiria imekatika. Hapo tukawa na kitu cha kushika. Kilichonifanya niipende zaidi ni kwamba inaonyesha hali ya kiti papo hapo. Unakaa, inaandika mtu mzima. Unaondoka, inaandika kiti kitupu. Kwangu iliruka kutoka hitilafu kwenda mtu mzima na kurudi kwenye hitilafu kila nilipohamisha uzito kutoka paja hadi paja. Kama ingekuwa waya uliolegea chini ya kiti, maandishi yangebadilika nilipoutikisa, na hayakubadilika. Kilichokuwa kinabadilika kilikuwa ndani ya kiti.

Sasa kile kiplagi.

Kilipendekezwa kwangu na watu wawili tofauti, wote kwa nia njema. Ni kidude kidogo kuliko kidole gumba. Unachomoa plagi ya mkeka wa sensa, unachomeka hiki mahali pake, unafuta hitilafu, basi. Nilikichomeka saa kumi jioni. Taa nyekundu ilizima. Ile ya chungwa nayo ikazima. Nikamwita Mama aje aone, akafurahi, akasema, "Afadhali, mwanangu, ilikuwa inanitia hofu."

Usiku nikarudi garini na skana, nikitaka tu kuona jinsi hali nzuri inavyoonekana. Kiti kilikuwa kitupu. Skana iliandika: mtu mzima. Nikafungua mlango, nikafunga. Mtu mzima. Nikaweka kitabu juu ya kiti, nikakiondoa. Mtu mzima.

Nilibaki nimekaa pale kwa muda. Binti wa dada yangu ana miaka sita. Nikiwa naendesha mimi hakai mbele, lakini gari hili tunaliendesha watu watatu, na siku moja nyuma patajaa, mtu atasema ni mwendo mfupi tu. Kiplagi kile kingeiambia kompyuta kwamba pale amekaa mtu mzima, kwa uhakika uleule ilioambiwa kuhusu kiti kitupu. Eabegi hujaa kwa muda usiofika sehemu ya ishirini ya sekunde. Haiwezi kuwa laini kwa mtoto aliyeinamia dashibodi, na kwa kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma ni mbaya zaidi, kwa kuwa mgongo wa kiti hicho unakuwa karibu kabisa na mahali inapofyatukia.

Sensa hii haikuwekwa kwa urembo. Katika miaka ya 1990 huko Marekani watoto waliuawa na eabegi za abiria katika ajali za mwendo mdogo, ajali ambazo wangetoka wakiwa hai. Kanuni ya FMVSS 208, ya usalama wa magari huko, ilibadilishwa mwaka 2000 kwa sababu hiyo, na magari yakaanza kuifuata kwa awamu kuanzia Septemba 2003. Gari hupimwa kwa sanamu za mtoto wa mwaka mmoja, wa miaka mitatu na wa miaka sita, na kwa sanamu ya mwanamke mdogo wa kilo 49 hivi. Watengenezaji wengi waliitimiza kwa kuweka sensa: kwa watoto eabegi izime au ifyatuke kwa namna isiyowadhuru, kwa mwanamke yule ifanye kazi. Hiyo sanamu ya miaka sita ina kilo 23 hivi. Mama yangu wa kilo 46 yuko chini kidogo ya sanamu ya mwanamke, na juu yake ameongeza mto.

Wanaouza kiplagi hukisifu kwamba kitakupitisha kwenye ukaguzi wa gari. Uingereza, kwa mfano, taa ya SRS ikiwa inawaka gari linakataliwa kwenye ukaguzi wa MOT. Mkaguzi anatazama taa, hakai kwenye kiti kuuliza kama kompyuta imemtambua. Kwa hiyo ndiyo, utapita. Sipo tayari kukipa nyota hata moja. Kilitoka kwenye gari langu usiku uleule, taa nyekundu ikarudi, na niliona heri taa iwake ikisema kweli.

Twende kwenye mkeka wenyewe. Siyo magari yote yana mkeka, na hapa wengi wanatupa fedha. Baadhi yana sensa za uzito kwenye boliti zinazokishika kiti sakafuni. Mengine yana mfuko bapa wenye majimaji mazito na kipimo cha shinikizo. Mengine huhisi mwili kwa uga hafifu wa umeme badala ya uzito, na hizo huweza kuchanganywa na kiti kilicholowa au kifaa cha umeme kilichoachwa juu yake. Langu lina mkeka: karatasi ya plastiki nyembamba, laini, imechapwa mistari ya kupitisha umeme na vidoti vinavyobadilisha upinzani vikikandamizwa. Unalala kati ya sponji na kitambaa cha kiti. Kwa ajili hiyo hukunjwa maelfu ya mara, kila mtu anapoingia na kutoka. Anayepiga goti juu ya kiti ili kufikia nyuma huuumiza kuliko anayekikalia, kwa kuwa uzito wote unashuka mahali pamoja. Nyumbani kwetu tulikuwa tunafanya hivyo kila tunaposafisha gari.

Usinunue kwa jina la gari peke yake. Nunua kwa namba ya kipuri iliyochapwa kwenye lebo ya mkeka wako au inayotolewa kwa namba ya chasisi. Na uulize kama gari lako linataka mkeka pekee au seti nzima, yaani sponji, sensa na moduli vilivyopimwa pamoja kiwandani. Kwenye magari ya seti, kuchanganya sensa ya kiti kimoja na moduli ya kingine huharibu vipimo. Vilevile uliza kwanza kama gari lako limeitwa na mtengenezaji lirudishwe kwa marekebisho. Nissan ilirudisha magari zaidi ya milioni 3 mwaka 2016 kwa sababu ya mfumo huu wa kumtambua abiria. Toyota ilirudisha takriban milioni 1.12 duniani Desemba 2023 kwa sensa zinazoweza kupiga shoti. Honda nayo ilirudisha kama 750,000 Marekani Februari 2024, kwa sensa ya uzito inayoweza kupasuka na kuacha eabegi ifyatuke isipotakiwa. Katika matengenezo ya aina hiyo mteja halipi. Nilipeleka namba ya chasisi yangu, haikuwemo, nikaagiza.

Mkeka ulikuja umekunjwa mara moja katika boksi jembamba. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza: kitu kinachokufa kwa kukunjwa kisafirishwe kimelala. Nilikagua mkunjo chini ya taa, mistari ilikuwa mizima. Kasoro ya pili, hakuna hata karatasi moja ya maelekezo. Kasoro ya tatu, hakuna zile pete za chuma zinazobana kitambaa cha kiti kwenye sponji. Za zamani hukatwa wakati wa kufungua na haziwezi kurudi. Tulisimama nusu siku tukizitafuta, kiti kikiwa uchi barazani.

Ubora wa kitu chenyewe, lakini, sina neno. Plastiki ni nene kidogo kuliko ile ya zamani, shingo ambapo waya unatokea imeongezwa utepe wa kuishikilia, plagi iliingia na kulia mlio wake mara ya kwanza bila kulazimishwa, na gundi ya mgongoni ilishika sponji bila kuacha vimbe.

Kazi ilifanywa na fundi wa pili, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, ambaye amefanya viti na umeme wa magari kwa miaka. Alichomoa betri upande wa hasi, akaangalia saa, akaenda kunywa maji. Nilipomuuliza akasema moduli ya eabegi huhifadhi umeme ndani yake kwa dharura, na ukikimbilia plagi kabla haujaisha unacheza na kitu kilicho hai. Muda wa kusubiri hutofautiana, baadhi ya vitabu vya watengenezaji husema sekunde 90, vingine dakika kadhaa, yeye husubiri dakika 10 kwa kila gari. Alifungua boliti nne, akageuza kiti, akachomoa plagi za njano kwa utaratibu bila kuvuta waya. Wala hakuwasha swichi hata mara moja kiti kikiwa nje, kwani hilo peke yake huandika hitilafu mpya.

Mkeka wa zamani alinikabidhi. Ukishatoka kwenye gari hauna hatari, ni plastiki tu, kwa hiyo tuliupima kwa mita juu ya meza. Tuliunyoosha, mita ikasoma. Tukaukunja kidogo karibu na shingo, ikasoma kwamba hakuna njia kabisa. Niliuinua kwenye mwanga nikaona ufa mwembamba kama unywele ukikata mistari miwili. Baada ya miezi ya kubahatisha, kuona ufa ule kwa macho yangu kulinituliza kuliko taa yenyewe kuzima.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka: kukifundisha kiti sifuri yake. Kitambaa kipya kimebanwa, sponji imekaa tofauti, mkeka una vipimo vyake. Gari liwe mahali tambarare, kiti kiwe kitupu kabisa, hata karatasi isiwepo, kisha skana iiambie moduli kwamba huu ndio utupu. Skana yangu ya pili iliweza, na hapo ndipo nilipoipa nyota nne, pamoja na menyu zake. Isingeweza, tungelazimika kwenda kwa mwenye mashine kubwa. Ongeza hilo kwenye hesabu yako kabla ya kuagiza mkeka.

Taa nyekundu ikawaka sekunde zake, ikazima. Skana: kiti kitupu. Nikakaa mimi: mtu mzima. Mama akakaa, na mto wake: ile ya chungwa ikawaka.

Nilikata tamaa kwa dakika nzima. Fundi akamwambia kwa upole, "Mama, hebu nipe huo mto." Akakaa bila mto, mgongo umeegemea kiti, miguu sakafuni. Ikazima. Alipoteleza mbele akakalia ukingo, ikawaka. Akaegemea, ikazima. Mto ulikuwa unautawanya uzito wake na kumwegemeza kwenye pembe za kiti ambako mkeka haufiki. Vitabu vya magari huonya kuhusu mito na vitambaa vya kuongeza juu ya viti, na nilikuwa nimepita maonyo hayo miaka yote. Kumbe ile taa ya chungwa ilikuwa na sababu yake mwenyewe tangu mwanzo, na mkeka uliopasuka ulikuja baadaye na sababu yake.

Sasa tumeshusha kiti kidogo, tumekirudisha nyuma kadiri kinavyokwenda, na mto umehamia mgongoni, mwembamba, kwa ridhaa ya daktari wake wa nyonga. Siku akiwa na maumivu na hawezi kuegemea, namwomba akae nyuma na tunachukua muda wetu kumwingiza. Hapendi, lakini ameelewa. Wengine wote wa chini ya miaka 13 wanakaa nyuma, mkeka mzima au mbovu.

Mkeka naupa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye zile pete za chuma na boksi lililokunjwa. Kiplagi, muuzaji alikubali nikirudishe. Nikawaza kingeuzwa kwa nani baada yangu, nikamwambia abaki na fedha. Nilikikata waya kwa koleo, na vipande vyake nikavitupa mahali tofauti.